Ndoana na Mikato Miwili

*Shamba la Hvalvik, Makazi ya Magharibi, Grinlandi*
*Sikukuu ya Mtakatifu Yohana, Juni 1343*

Dada yangu Yngvild,

Skapti amefika na mashua yake, na furushi la kitambaa cha sufu ulilotutumia limefika kavu. Mwanao Asny amekwisha kushonewa koti. Anasema linanuka kwenu, na analala nalo.

Hatujambo. Baridi ilikawia kuondoka, lakini ng'ombe walivuka. Tuliwabeba kuwatoa zizini kama kila mwaka, maana miguu ilikuwa haiwashiki, na safari hii hawakuwa wazito. Usijali.

Nina habari kubwa. Barafu ilipovunjika, bahari ilitutupia gogo ufukoni. Najua utasema magogo hutupwa kila mwaka. Subiri. Hili lina urefu wa nyumba yangu, na ncha yake moja haikuvunjika, Yngvild. Imekatwa kwa shoka, shoka la chuma, lenye makali mema. Na kando ya ncha, mtu amechonga alama ya mwenye mali, kama tufanyavyo sisi.

Nimezunguka mashamba yote ya ghuba hii. Hakuna anayeijua. Si ya Kolbein mumeo pia, ile ya mshale naijua. Basi ni ya nani? Wawindaji wa kaskazini hawana mashoka ya chuma. Padre Mord aliishika, akaibusu, akasema, "Hawa ni Wakristo." Kisha Bersi, yule jirani yetu asiyenyamaza hata akila, akasema tulichokuwa tunakiwaza: ni wale waliokwenda Markland, ng'ambo ya bahari, kukata miti enzi za babu zetu, wakatoweka. Kumbe hawakufa. Walinogewa!

Tangu siku hiyo hakuna mazungumzo mengine. Markland, msitu mnene hata mtu hutembea kutwa asilione jua. Kusini yake Vinland, ngano inajiotea bila mkulima, na zabibu zinaning'inia usawa wa mdomo, huhitaji hata kuinua mkono. Bersi anaongeza watu wa mguu mmoja wanaoruka kama vyura, Padre anamkemea. Lakini Padre mwenyewe anasema amesoma kwamba nchi hiyo inaendelea kusini hadi inagusana na Afrika, ambako hakuna mtu aliyewahi kuona theluji. Skapti akauliza, "Sasa wakitaka kukokota kuni huko, wanatelezesha juu ya nini?" Tulicheka hadi tukashika mbavu. Ilikuwa muda mrefu hatujacheka.

Tunataka kujenga chombo. Kitambaa cha tanga tunacho nusu. Mwombe Kolbein, ingawa najua jibu lake.

Ndimi ndugu yako, mwenye usingizi mfupi na matumaini marefu,
Ozur, mwana wa Ketil

*

*Shamba la Rekavik, Makazi ya Mashariki*
*Julai 1343, baada ya kukata nyasi za kwanza*

Ozur mdogo wangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikainusa. Ngozi uliyoiandikia ni ya ndama mchanga. Nani anachinja ndama masika? Ukitaka kunificha kitu, andika kwenye ngozi ya sili.

Sasa nisikilize, mimi ninayekaa kwenye mlango wa mambo haya. Magogo hayatoki Markland. Yanatoka mashariki pamoja na barafu, yanazunguka rasi ya kusini, yanapita hapa mbele ya nyumba yangu, ndipo yanapanda kwenu. Nimeyatazama tangu nilipoolewa. Markland iko magharibi yenu. Gogo likitoka huko, litapandaje maji yanayokuja kinyume? Hao Wakristo wako wanapiga makasia juu ya magogo?

Sijui nani alilikata. Inawezekana ni watu wa nchi za mbali kule nyuma ya Norwe. Inawezekana ni mtu wa huku kwetu. Bahari inaiba, vuli iliyopita dhoruba iliingia hadi uani ikaninyang'anya magogo mawili mazuri. Nichoree alama yenyewe. Mwanamume mzima anaandika barua ndefu kuhusu alama halafu haichori!

Na Bersi mwambie hivi: babu yake alikwenda Markland akarudi, na alichorudi nacho ni mbao na mshale makalioni. Zabibu hakuziona.

Usijenge chombo. Njooni kusini. Nyasi zangu zimekubali mwaka huu, maziwa mgando yapo mapipa mawili, na nyumba ina nafasi. Ninajua unachokiwaza. Kolbein hatakuzuia mlangoni. Nakuapia kwa jina la mama yetu, hatakuambia neno.

La mwisho, na hili si ombi. Nirudishie Asny kwa mashua hii hii ya Skapti. Tulikupa umlee hadi afikishe miaka kumi na miwili, najua, na umemlea vizuri. Lakini nina jambo la kumwambia mimi mwenyewe, macho kwa macho. Barua mnazisoma kwa sauti mbele ya nyumba nzima, kwa hiyo siliandiki.

Akae karibu na moto leo usiku. Mwambie mama amesema.

Dada yako anayekugombeza kwa sababu uko mbali na makofi,
Yngvild, binti Ketil

*

*Hvalvik*
*Sikukuu ya Kuzaliwa kwa Maria, Septemba 1343*

Dada,

Unajua kunusa, basi nisikufiche tena. Ng'ombe wamebaki wawili. Ndama tuliwachinja wote kwa sababu mama zao hawakuwa na maziwa. Mbwa usiniulize. Bersi alimzika mtoto wake mdogo wiki ile ile aliyotusimulia watu wa mguu mmoja, na aliendelea kuchekesha. Ndiyo maana hatumnyamazishi.

Uliyosema kuhusu maji niliyasema barazani. Wakanitazama kama mtu aliyekuja kuzima moto wa watu waliolowa. Mke wa Bersi akasimama. "Dada yako ana maziwa mapipa mawili," akasema. "Mwenye kushiba anajua njia zote za maji." Na nikuambie kweli, sikutaka kumbishia. Usiku nikifumba macho nawaona wale watu, Yngvild. Wana nyumba ndefu za mbao tupu, hata kuta. Wanachoma miti mizima bila kuhesabu. Mmoja wao ananoa shoka lake mlangoni, ana uso wa baba yetu.

Kuja kusini siwezi. Unaniapia kwa niaba ya mtu asiyeapa. Kolbein alisema mbele ya watu, siku ile tuliyogombania ngozi za sili, kwamba nikiingia kwake nitakula na mbwa, na mimi nikasema heri nife njaa kwangu. Yeye hakuyafuta, na mimi sikuyafuta. Mbona haandiki mwenyewe? Nilimuuliza Skapti, "Shemeji anasemaje?" Skapti, ambaye huwezi kumfunga mdomo kwa kamba, akatazama viatu vyake. Nimeelewa. Wewe unanipenda, yeye hanitaki. Sitawaleta watu wangu kumi na tisa wasimame uani kwa mtu kuomba.

Alama hii hapa, usinitukane tena: ndoana, na chini yake mikato miwili.

Gogo tumekwisha kulipasua. Limekuwa mkuku, uti wa mgongo wa chombo, mkuku mzuri kuliko wowote nilioona. Sehemu yenye alama tumeiacha mbele, ielekee huko ilikotoka. Tutajenga majira yote ya baridi. Barafu ikiachia tu, tunaondoka.

Asny nilimwambia apande mashua. Alinijibu, "Ndiyo, mjomba," kwa adabu zote, kisha akatoweka. Tumemtafuta tangu asubuhi, ghalani, zizini, kwenye miamba. Skapti anapiga kelele kwamba upepo unageuka, hawezi kungoja mtoto mkaidi. Jana Asny aliniuliza kama ngano inayojiotea inajivuna pia yenyewe. Anataka kuiona. Nisamehe, dada. Nitamlinda kama mboni ya jicho.

Ozur

*

*Rekavik*
*Septemba 1343, siku aliyofika Skapti*

Ozur! Isome hii nje, peke yako, usiisome kwa sauti.

Alama hiyo ni yangu.

Ndoana na mikato miwili ni yangu mimi, Yngvild, dada yako. Niliichonga kwa kisu cha mama. Ncha ya gogo niliikata mwenyewe kwa shoka la jikoni, na mikono ilitoka malengelenge. Ni moja ya yale magogo mawili yaliyochukuliwa na dhoruba. Hakuna Wakristo Markland. Hakuna mtu anayenoa shoka. Ni mimi!

Huijui kwa sababu ni mpya. Kolbein amekufa. Alizama Agosti ya mwaka jana, akifukuza mashua iliyokatika kamba, mbele ya macho yangu. Ndugu zake walikuja kuchukua mashua na kila chenye alama ya mshale, kama sheria inavyosema. Nikaona nikichelewa watachukua na mbao za ufukoni. Nikachonga yangu usiku ule ule. Ndoana ni shamba hili. Mkato wa kwanza ni mimi, wa pili ni Asny. Sisi ndio tuliobaki.

Sikukuandikia kwa sababu ya Asny. Sikutaka asikie kifo cha baba yake kutoka kinywani mwa Padre Mord, watu wakimtazama. Nilimlisha Skapti kiapo asiseme. Nilidhani Asny atarudi kiangazi hiki, nimkalishe mapajani, nimwambie.

Hukunielewa niliposema hatakuambia neno. Njoo. Njoo na Bersi, njoo na mkewe aniseme vizuri uso kwa uso. Meza ni yangu. Watu kumi na tisa watakula.

*Oktoba*

Skapti amekataa kurudi. Nimempa pete yangu, nimempa fahali. "Bibi Yngvild," akasema, "fahali hajui kuogelea na mimi sijui kutembea juu ya maji. Mlango wa ghuba umefungwa na barafu." Nikamtukana. Aliniacha nitukane hadi nikachoka, akanisaidia kuingiza kondoo.

*Februari 1344*

Nimetafuta mtu wa kupita juu ya barafu. Mmoja alikubali. Alirudi siku ya tatu akiwa na vidole vyeusi. Barua hii ilikuwa kifuani mwake, ndiyo maana ina doa.

*Aprili*

Barafu haijaachia. Kila asubuhi napanda mwambani. Ninyi mko kaskazini, labda kwenu imekaza zaidi. Sijawahi kuwaombea watu wangu baridi. Sasa naomba.

*Juni, siku mbili kabla ya Mtakatifu Yohana*

Skapti anaondoka sasa hivi, makasia sita, bila mzigo. Ozur, usipandishe tanga. Ukiwa umeshapanda, shuka. Mwonyeshe Asny alama, mwambie ni mkono wa mama yake.

Yngvild

*

*Hvalvik*
*Juni 1344*

Dada yangu mpenzi,

Naiacha hii mezani chini ya jiwe la kusagia. Skapti akija ataiona.

Tunaondoka leo. Barafu iliachia mapema huku, mapema kuliko mwaka wowote. Padre anasema ni mkono wa Mungu. Mmoja wa wale ng'ombe wawili tumemchinja, nyama yote iwe chakula cha safari. Wa pili tumemfungulia, na kondoo watatu. Mlango nimeuacha wazi asije akapata shida ya kuingia mvua ikinyesha. Skapti amchukue akikuta yu hai.

Usitulilie. Ungeona watu walivyobadilika! Tangu mkuku ulipolazwa, hakuna aliyekufa hapa kwa kukata tamaa, na walikuwepo wawili waliokwisha kugeukia ukutani. Mke wa Bersi ameshona tanga kwa nguo yake ya harusi. Jioni tunakaa pamoja kupanga tutawaambia nini wale watu tutakapofika. Bersi anasema atauliza kwanza kama kuna nyama. Mimi nitawauliza nani alichonga ndoana, nimshike mkono. Mtu huyo ametutoa kaburini bila kujua.

Nimewaza mengi kuhusu Kolbein. Mtu hasafiri na kinyongo. Mwambie shemeji nimeyafuta yale maneno. Na yeye akiona vyema, ayafute. Nikirudi na mbao, zote za kwanza ni zake.

Asny anataka kuandika.

*Mama mimi Asny. Nimejifunza kuchora alama ya watu wa Markland. Mjomba ananisifu. Nimeichora kwenye kijiko changu na kwenye mlango na kwenye koti kwa uzi ili wakiniona wajue mimi ni wao wasinifukuze. Msalimie baba. Nitakuletea ngano.*

Upepo ni mzuri. Wananiita.

Ndugu yako Ozur

*

*Rekavik*
*Agosti 1344*

Ozur, na wewe Asny mwanangu,

Skapti amerudi. Aliweka barua mbili juu ya meza yangu, yako na yangu. Yangu ilikuwa bado imefungwa.

Hakutaka kukaa. Nikamwambia, "Sema." Akasema aliita tangu majini, hakuitikiwa. Ng'ombe alikuwa amesimama mlangoni anatafuna majani ya paa, amenenepa. Majivu ya moto yalikuwa baridi, sakafu imefagiwa. Juu ya ngazi, kwenye mwimo wa mlango, kwa urefu wa mtoto, ndoana na mikato miwili. "Nilidhani ni wewe ulikuja kabla yangu," Skapti akaniambia, kisha akalia, mtu mzima yule. Alienda hadi mdomo wa ghuba, hata nje kwenye bahari kubwa, akaita huko pia. Aliita jina la nani, sikumuuliza.

Kiangazi kinakwisha. Nimeuliza kila mtu anayejua bahari: mkifika Markland, mtakuta nini? Wananijibu kwa upole, jambo linalonitisha. Nilikuwa nikiwacheka wenye hadithi za nchi hizo. Sasa nawaita nyumbani, nawalisha, nawaambia wasimulie. Nataka msitu uwe mnene hivyo hivyo. Nataka ngano ijiotee na ijivune. Watu wa mguu mmoja nawataka pia, ilimradi wawe wapole kwa watoto. Mzee mmoja alipotaka kuniambia kwamba baridi ya huko inauma kama yetu, nilimtoa nje.

Lakini mmoja, mwindaji ambaye dhoruba iliwahi kumpeleka mbali, aliniambia jambo ambalo nimelishika. Maji yanayopanda mbele ya nyumba yangu hayaendi kaskazini bila mwisho. Kule juu yanageuka magharibi, yanavuka, kisha yanateremka kusini kando ya nchi nyingine. Yeye aliona magogo ya huku kwetu yakiteremka huko pamoja na barafu.

Hapo nikajua barua hii itachukuliwa na nani.

Kwa hiyo, kila gogo linalotupwa ufukoni kwangu sasa nalikata ncha, nalichonga, nalirudisha majini. Ndugu wa Kolbein wamekuja kusema nimerukwa na akili, katika nchi hii isiyo na mti natupa mbao baharini na paa langu linavuja. Nimewaambia paa ni langu. Skapti hanisemi. Anakuja kusaidia kusukuma.

Barua hii nimeikunja ndani ya ngozi ya sili, nimeipaka mafuta maji yasiingie, nimeipigilia misumari kwenye gogo la leo, chini ya alama.

Mtakapofika mtawatafuta hao watu ufukoni, msituni, mtoni. Hamtawapata. Nakuomba, Ozur, siku hiyo usiwaambie watu wako wageukie ukutani. Wapeleke ufukoni wangoje. Gogo likija, Asny aweke kijiko chake kando ya alama, alinganishe. Kisha mkalishe mapajani, umwambie habari ya baba yake, kwa sauti ya chini, kama ningemwambia mimi. Mwambie alama aliyojifunza haikuwa ya wageni. Alikuwa wao tangu mwanzo, hakuna wa kumfukuza.

Na wewe ulisema ukimpata aliyeichonga utamshika mkono. Mkono huu hapa.

Utaona alama imebadilika kidogo. Usidhani ni ya mtu mwingine. Ndoana ni ile ile. Nimeongeza mkato wa tatu, ni wewe.

Yngvild